Mbao Mbichi za Fundi Ferdinand

Kindu, 5 Oktoba 1953

Leo wamebomoa jiko langu. Nilikuwa bado na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, juu ya mafiga, na Anaclet, mume wangu, akaniambia niitoe upesi kwa sababu vibarua wameshafika. Nikaitoa. Wakavuta nyasi za paa, wakasukuma kuta, na kibanda nilichopikia tangu tuhamie mtaa huu wa makarani kikawa rundo la udongo mweusi. Anaclet alisimama kando na kofia yake ya reli, akitazama kama anayesimamia ujenzi wa daraja.

Sababu ni kadi. Serikali imeanza kutoa kadi kwa Mwafrika atakayeonekana anaishi kama Mzungu, na kabla ya kuitoa inatuma tume, komisyon, ipite nyumbani kwake. Wanatazama vitanda, uma, choo na jiko. Anaclet anasema mafiga uani ni dosari kubwa kuliko zote. Na mwenye kadi anaruhusiwa kumwombea mtoto wake nafasi katika shule ya watoto wa Wazungu.

Hapo ndipo ninaponyamaza. Mimi kwa masista nilifundishwa kutarizi, kuoka mkate na kuandika mwandiko mzuri. Nilipoomba hesabu zaidi niliambiwa nilizonazo zinamtosha mke wa mtu. Safi, binti yetu, anajumlisha kichwani kabla sijamaliza kuuliza. Sitaki aambiwe nilivyoambiwa mimi. Kwa hiyo jiko limebomolewa na sufuria nimetoa mwenyewe.

Jipya litakuwa ndani ya nyumba, kwenye chumba cha ghala. Fundi anaitwa Ferdinand. Ana kibao mbele ya karakana yake kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba yeye ni bingwa wa majiko ya kisasa, na kweli amejenga karibu yote ya mtaa huu. Useremala alijifunza kwenye migodi ya Kalima, akigonga masanduku ya kubebea madini. Anaanza kesho.

6 Oktoba

Mvua. Fundi hakuja.

7 Oktoba

Mvua. Fundi hakuja. Tumekula mkate na ndizi.

15 Oktoba

Amekuja, na mbao. Nimegusa moja, kidole kimelowa. Nikamwambia hizi bado mbichi, zimetoka msituni juzi. Akacheka kwa upole, akasema mbao hukauka zikiwa kazini. Nilikuwa sijui kama mbao zina kazi. Jioni sakafu ilikuwa na utomvu, na Safi amegandisha kiatu.

31 Oktoba

Limekwisha. Nitasema haki: linapendeza. Kabati ukuta mzima, rangi ya maziwa, na vishikio vya shaba. Beseni jeupe la kuoshea vyombo, na juu yake bomba linalong'aa. Jiko la chuma lenye mlango wa kuokea, na dohani nyeusi inayopanda mpaka darini. Anaclet alizunguka humo ameweka mikono mgongoni. Akafungua droo, akapanga uma na visu vipya tulivyonunua kwa ajili ya tume, akaifunga polepole kama anamlaza mtoto.

Nikafungua bomba. Hakuna kitu. Fundi akasema maji yatakuja mtaa utakapounganishwa, tusubiri wakubwa. Mtaa huu wote tunachota maji kwenye bomba moja la njiani, kwa hiyo nikaona ni jibu la busara.

3 Novemba

Nimeliwasha kwa mara ya kwanza. Moshi ulijaa chumba, ukapita mlangoni, ukaenda kulala katika mashuka ya tume. Safi alikohoa mpaka akatapika. Nilimwita fundi. Akainama, akatazama ndani ya jiko, akasema tatizo ni kuni zangu: mbichi.

Huyu, aliyeniletea kabati linalotoa utomvu, anakagua ukavu wa kuni zangu.

12 Novemba

Mvua ya siku nyingi mfululizo imevimbisha mbao. Droo haifunguki. Uma zote zimo ndani. Anaclet, mtu anayejifunza kula kama Mzungu, alikaa mbele ya meza yenye kitambaa cheupe akala wali na makayabu, samaki wa chumvi, kwa vidole, na nadhani alikula vizuri kuliko mwezi wote uliopita.

20 Novemba

Fundi amekuja kuiranda droo. Kuifungua alitumia patasi.

24 Novemba

Jua limewaka. Mbao zimenywea. Sasa droo ukiigusa inatoka yote, na uma wenye meno umeniangukia mguuni. Mlango wa kabati nao umepinda hata paka anapita bila kuinama.

2 Desemba

Napika barazani kwenye mbabula, jiko dogo la makaa. Mvua ikija ya upande, nasimama kati yake na makaa na mwavuli wa kazini wa Anaclet. Majirani wanapita wakinisalimia kwa heshima. Mke wa karani mwenye jiko la kisasa, anapika nje chini ya mwavuli.

10 Desemba

Tume ilikuwa ije leo. Imeahirishwa.

11 Januari 1954

Tume ilikuwa ije leo. Imeahirishwa. Fundi alikuja kunyoosha mlango, akaupinda upande wa pili.

19 Januari



Asubuhi, Anaclet alipokwenda stesheni, niliamua kuutafuta mwenyewe ugonjwa wa jiko hili. Nikapanda juu ya meza, nikagonga dohani mpaka juu kabisa. Nikasukuma ubao wa dari, nikaingiza kichwa. Dohani inaishia pale pale darini. Imezibwa kwa kipande cha ubao, kimekatwa mviringo vizuri, kazi safi kuliko zote alizofanya fundi humu. Juu yake ni giza na mabati, wala hakuna tundu. Moshi wote niliokuwa naumeza tangu Novemba haukuwa na mahali pa kwenda.

Nikateremka na kulishika bomba. Nikalizungusha, likatoka mkononi. Nyuma yake kuna tundu katika ubao, na nyuma ya ubao kuna uwazi, kisha matofali. Hakuna mfereji. Hakujawahi kukusudiwa mfereji. Nikalirudisha bomba tunduni.

Nikakimbilia kwa Kabedi, jirani yetu kutoka Kasai, ambaye mumewe alipata kadi mwaka jana na ambaye jiko lake lilijengwa na Ferdinand huyu huyu. Nilimkuta uani, anasonga ugali juu ya mafiga nyuma ya migomba. Nilimuuliza kama jiko lake la ndani linatoa moshi. Akanitazama kama nimemuuliza kama picha ya ukutani inakula.

“Kuwasha? Dada, nani anawasha ile kitu? Utaichafua bule.”

Akanionyesha. Chuma kinang'aa kama siku ya kwanza, na ndani ya tanuri ametunza viatu vya Jumapili.

Nikaenda karakana. Nilikuwa nimepanga maneno tangu njiani na niliyasema yote, mbele ya wateja wawili ambao waliondoka. Fundi Ferdinand aliniacha nimalize. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliweka randa chini.

“Mama Safi, usinigombeze bule. Ile haiko jiko ya kupikia. Ile njo jiko ya komisyon. Bwana yako alisema: fanya sawa ile ya kwa Kabedi. Na miye nilifanya.”

Nikamuuliza: alisema hivyo, Anaclet?

“Alisema paa isitobolewe, mvua isiingie. Tangu nianze hii kazi, weye njo muntu wa kwanza kuwasha.”

Nilirudi nyumbani sijui nimepita njia gani. Miezi hii yote nimemlaani fundi kwa kila neno ninalolijua na mengine niliyoyatunga. Nilimlaani na jina la baba yake. Na mbao ni mbichi, hilo halibadiliki, na milango ni ya masanduku ya Kalima. Lakini ile dohani iliyozibwa iliagizwa na mtu ninayelala naye kitanda kimoja, aliyeniona nalia machozi ya moshi akanipa leso.

Aliporudi sikumpa nafasi ya kuvua kofia. Hakukana. Alisema jiko la kweli la kisasa lilituzidi uwezo, na kwamba mtaani kila mtu anafanya hivyo. Alidhani fundi atakuwa ameniambia.

“Hawatakuja kukula, Pélagie. Watakuja kuangalia.”

“Na siye wenye kukula?”

Alikwenda kuketi barazani, karibu na mbabula yangu.

20 Januari

Hatusemi.

21 Januari

Hatusemi. Mvua.

26 Januari

Nimemwambia Ferdinand aje atoboe paa. Amekataa, Baba Safi hajaruhusu. Nikamwambia Baba Safi atoe ruhusa akiwa anapika yeye. Anaclet alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Akasema, bila kunitazama: toboa.

4 Februari

Ameng'oa ule ubao wa dohani, ametoboa paa. Tundu la kwanza alilikosea, lilikuwa juu ya kitanda chetu. La pili limekaa karibu na dohani. Karibu, si juu yake. Amelipindisha bomba la bati likutane nalo, akaziba pembeni kwa lami.

9 Februari

Mvua imepumzika siku hizi. Leo nimeliwasha, na moshi ukapanda. Nilitoka uani kuuona. Ulikuwa unatoka juu ya bati langu, mwembamba, umepinda kidogo kama bomba lake. Nilioka mkate, mkate wa masista, wa kwanza tangu niolewe. Safi alikula nusu. Kabedi alikuja kusimama kizingitini na akaondoka na kipande. Nilimpelekea mkate fundi Ferdinand pia. Aliushika kwa mikono miwili, akauliza kama kweli umetoka mle.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi siku moja.

11 Februari

Mvua. Lami imebanduka. Maji yanaingia kwa pembeni ya bati, yanashuka nyuma ya mbao za kabati, na moto umezimika kwa sauti ya kukemewa. Ukuta unalia ndani kwa ndani. Ukiweka sikio kwenye ubao unasikia.

12 Februari

Fundi ameongeza lami.

13 Februari

Mvua imeondoa lami. Nimerudi kwenye mbabula.

1 Machi

Fundi, lami, mvua, mbabula. Sina jingine la kuandika. Anaclet sasa ndiye anayenishikia mwavuli jioni. Hatujapatana, lakini wali hauwezi kungoja tupatane.

18 Machi

Wamekuja.

Hawakutoa taarifa ila ya asubuhi ile ile, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile mvua nzito ya Machi inayofanya mto Lualaba uonekane hauna ng'ambo. Niliificha mbabula chini ya kitanda, bado ya moto. Walikuwa watatu: bwana mkubwa wa serikali mwenye kiko, Madame anayesimamia mafunzo ya akina mama, na karani wao Onema, mtu wa mtaa huu huu, wa kuandika.

Madame alianzia chumbani. Alifunua kitanda, akashika shuka kwa vidole viwili, hakuinama kutazama chini yake. Alifungua kabati la nguo akahesabu. Katika chumba cha kuogea alichukua taulo letu, akalipeleka puani, akalinusa, akalirudisha. Mezani alimpa Safi ndizi, kisu na uma, akamwambia ale. Safi alikata vipande vidogo sawasawa, akala bila kuinua macho, na chumba kizima kikamtazama mtoto wangu akitafuna.

Ndipo nikamwangalia Anaclet. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, ameshika kofia kifuani kwa mikono miwili, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila aliposemeshwa aliitika kabla swali halijaisha. Huyu ndiye mtu ambaye stesheni wasafiri humwamkia kwa kusimama. Miezi miwili nimekaa nikimwona mwongo. Leo nimeona alichokijua mapema kuliko mimi: kwamba watu hawa watapita humu kama wanaopita dukani. Sikumsamehe jiko. Lakini nilitamani kumvalisha kofia yake.

Kisha wakaenda jikoni.

Bwana mkubwa alivuta droo. Mvua ilikuwa imeivimbisha, haikusogea. Akavuta tena kwa nguvu, kiko kikamtikisika, kabati lote likalia lakini droo ikabaki. Akalipiga ubavuni kama mtu anayepiga ng'ombe aliyemnunua, akasema kwa Kifaransa kwamba hiki ni kitu imara. Onema akaandika.

Jiko la chuma Madame alilipapasa kwa kidole, akakitazama kidole, akaridhika. Hakufungua mlango wake. Hakuuliza napika nini. Nilianza kupumua. Ndipo akanyoosha mkono kwenye bomba.

Nilifikiri nianguke makusudi. Nilifikiri nimwite Safi kwa sauti. Anaclet alifumba macho, nilimwona. Madame alifungua.

Maji yakatoka.

Kwanza yalikohoa, kisha yakaja, membamba, meusi meusi, yana vipande vya masizi. Yalianguka katika beseni jeupe na kuendelea kuanguka. Ilikuwa ni ile mvua ya tundu la Ferdinand. Tangu alfajiri imeingia paani, imeshuka nyuma ya mbao, imejaa katika ule uwazi mpaka usawa wa bomba, na bomba lisilo na mfereji likafanya kazi ya bomba. Madame alitikisa kichwa, akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wanawake wa mafunzo, kwamba mfereji wetu una kutu na kwamba nimwambie mume wangu auangalie. Nikasema ndiyo, Madame.

Onema aliinua kichwa. Mkewe anapanga foleni nami kila asubuhi kwenye bomba la njiani. Alitazama maji, akatazama dari, akanitazama mimi. Nilimtazama vile vile. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika.

Walipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimtafuta Anaclet tucheke pamoja. Nilimkuta chumba cha kuogea, ameshika lile taulo.

“Amelinusa, Pélagie,” alisema. “Taulo ya mutoto.”

Sikucheka tena. Nililichukua, nikalichovya katika maji ya mvua, nikalifua pale pale.

2 Aprili

Mvua. Hakuna habari.

23 Aprili

Kadi imetoka. Anaclet ameileta ndani ya koti, hakuionyesha njiani kwa mtu. Tuliitazama mezani. Onema alimnong'oneza kwamba alama za jiko ndizo zilizotubeba.

Alama za jiko! Ningependa wangekula mle.

7 Mei

Safi amefanya mtihani kwa masista wa shule ya Wazungu. Alisema hesabu zilikuwa chache.

29 Mei

Ameingia. Ataanza Septemba. Nimeandika sentensi hiyo mara moja tu, na nimeisoma mara nyingi. Anaclet alitoka kwenda kumwambia fundi Ferdinand, sijui kwa nini fundi kabla ya ndugu zake. Waliporudi wote wawili, fundi alimwamkia Safi kwa mkono, kama mtu mzima.

Nilimwambia fundi sasa nataka jiko. Akauliza la kuonyesha au la kupikia. La kupikia, nikasema. Alijikuna, akakiri kwamba hilo hajawahi kuombwa.

14 Juni

Mvua zimekwisha. Anga jeupe, vumbi limeanza kupanda barabara ya stesheni.

Nimejijengea kibanda uani, mahali pale pale pa zamani, kwa udongo ule ule mweusi. Ferdinand alileta nguzo, nikamruhusu azisimamishe lakini si kuzipima. Mafiga nimeyapanga mwenyewe. Kabedi, ambaye bado anapika nyuma ya migomba, aliuliza kama siogopi tume kurudi. Nilimwambia wakirudi watakuta sombe.

Jioni nilikuwa natafuta kuni. Anaclet akaingia ndani, nikasikia chuma kinagongana na ubao, akatoka amebeba droo. Ilitoka bila kushindana. Alimwaga uma zote kwenye kitambaa, akaweka kisigino juu ya ubavu wa droo, akaivunja, akaniletea vipande, na kofia yake iko kichwani.

Nimegusa kimoja kwa kidole. Kikavu kabisa. Rangi ya maziwa ilibabuka kwanza, kisha ubao ukashika moto. Tutaanza na droo, kesho milango. Zimechelewa, lakini mbao za fundi Ferdinand zimekauka vizuri, na zinawaka.